Muda wa Kuvua Viatu

Wiki niliyostaafu, vijana wa kazini walinipeleka Kamakis kula nyama, na kabla mbavu hazijakatwakatwa walikuwa wameshaniudhi. Kwanza walinipa zawadi ya shuka la kufunika miguu, kana kwamba nimestaafu miguu pia. Kisha Brayo, ambaye ndiye sasa mkubwa wao, akapangusa mikono akasema, "Madam, tunataka kurudisha ile gemu yenu ya kitambo, ile ya king'ora. Watu wa rika yenu wanaimiss vibaya. Tutaiweka kwa laptop, hadi kwa simu. Lakini pale mwanzo, kwa ule mlango wa cucu, yule bibi mzee, tutaweka skip, mtu apite tu. Pale panaboo."

Niliachia mfupa uanguke kwenye ubao. Sikumjibu, kwa sababu nikianza kusema kwa hasira huwa simalizi sentensi. Kwa hiyo naandika. Nyinyi mnaochukua michezo ya zamani na kuiweka kwenye kompyuta za leo mnadhani kazi hii mmeianza nyinyi. Mimi niliifanya Thika na Ruiru kabla wengine wenu hamjaota meno. Vyeo vyangu sitavieleza, havikuwa vya kusimulia. Nitaeleza mlango.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini, Thika, ofisini juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Tulinukia dawa ya kupe mwaka mzima. Kazi yetu ya kuweka ugali mezani ilikuwa kupiga chapa mitihani ya shule na ratiba za mazishi. Mwenye ofisi alikuwa Bwana Ndirangu, ambaye alitaka aitwe Director ingawa hakuwa na wa kumdirect zaidi ya watu wawili. Mmoja nilikuwa mimi. Wa pili alikuwa Mzee Hassan.

Hassan alikuwa fundi wa redio kabla ya kompyuta kumteka. Alizaliwa Makongeni, na ukimuuliza kabila alikuambia ana damu ya Kinubi, ya Kikamba, na nyingine ambayo bibi yake alikataa kuitaja. Kazi za mitihani akizimaliza, alikuwa akitengeneza mchezo wake mwenyewe. Ulikuwa wa namna ile ya kubonyeza: picha ya mahali iko mbele yako, unasogeza kipanya, unabonyeza mlango, debe, mtu, na kila kitu kina jibu lake. Hakuna kupiga mtu risasi. Unauliza, unatafuta, unafikiri.

Aliuita Nani Kachukua King'ora. King'ora cha kiwanda kimetoweka, mji mzima haujui saa ya kwenda kazini, na wewe ni kijana uliyetoka shifti ya usiku, unazunguka Makongeni kuuliza nyumba kwa nyumba. Nyumba ya kwanza ni ya Bibi Saumu. Bila yeye huendi popote.

Siku yangu ya kwanza kazini Hassan hakunionyesha mashine ya kuchapa wala faili. Alinikalisha mbele ya mchezo akasema, "Haya binti, cheza." Nikabonyeza mlango. Ukafunguka, akatokea mwanamke mzee mwenye kanga, akasimama, akaniangalia. Nikabonyeza tena mlangoni nipite. Hakusogea. Nikabonyeza mara nyingi, kama mtu anayeita lifti. Yule bibi akageuka, akaingia ndani, akafunga.

Hassan alicheka mpaka akashika meza. "Unataka kuingia kwa mama yangu na viatu?"

Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya mlango. Bibi akitokea, ubonyeze viatu vya yule kijana avivue, kisha ubonyeze mdomo wake apige hodi. Bibi atakungojea ufanye hivyo, lakini hatakungojea milele. Ukivua na kubisha, anasema, "Karibu mwanangu. Viatu hapo, maneno huku ndani." Ukikaidi, anafunga, nawe unazunguka mtaa mzima ndipo urudi ujaribu tena.

Bibi Saumu hakuwa wa kubuni. Alikuwa mama mzazi wa Hassan, na nilimkuta hai. Uso wake Hassan aliuchora nukta kwa nukta, kwanza kwenye karatasi ya miraba, kisha kwenye skrini. Sauti ilikuwa yake. Hassan alimrekodi nyumbani kwa redio kaseti, akaiingiza kwenye kompyuta kwa waya aliouchomelea mwenyewe. Mama alisema mara moja tu. Hassan alipomwomba arudie, kwa sababu jogoo wa jirani alikuwa amewika katikati, mama alimwambia, "Nimeshakukaribisha. Hujaingia?" Jogoo akabaki. Mkisikiliza vizuri mtamsikia, kati ya "mwanangu" na "viatu".

Tuliuza mchezo huo kwa disketi, kwenye shule na kwa watu waliokuwa na kompyuta nyumbani, ambao Thika ya wakati ule hawakuwa wengi. Lakini watoto waliupenda. Mama mmoja alikuja ofisini kulalamika kwamba mwanawe ameanza kuvua viatu hata kwenye duka la nyama. Hassan alimwinamia kwa heshima akasema atalishughulikia.

Sasa niwaeleze kitu cha ufundi, msisinzie. Hassan alipotaka Bibi asubiri, aliiagiza kompyuta ihesabu. Bibi akitokea mlangoni, mashine inaanza kuhesabu kimoyomoyo mpaka ifike namba kubwa aliyoipanga, kisha Bibi anarudi ndani. Kwa mashine yetu muda ulitosha kabisa. Wengi tulifanya hivyo siku hizo, na msitucheke. Nani alijua kwamba zitakuja mashine zinazohesabu kama zimekunywa chang'aa? Kwanza kulikuja zenye kitufe mbele, ukikibonyeza mashine inapunguza mwendo makusudi ili michezo ya zamani iweze kuchezeka. Baadaye hata kitufe hicho wakakiondoa. Walidhani hakuna atakayetaka kwenda polepole tena.

Katikati ya miaka ya tisini Director alitupeleka Ruiru, kwenye ofisi yenye zulia. Kompyuta zikawa mpya, za madirisha na picha kila mahali, na CD badala ya disketi. Mugutha, pale jirani, bado ilikuwa na kahawa nyingi kuliko nyumba, lakini Director alikuwa ameshaona pesa inakuja kwa barabara ya Thika. Akasema, "Ile gemu ya king'ora tuirelease tena. Kwa CD. Shule zote ziko na mashine mpya."

Tukauweka mchezo kwenye mashine mpya kuujaribu. Nikabonyeza mlango wa Bibi. Ukafunguka na kufungwa kama kope la jicho. Nikabonyeza tena, hivyo hivyo. Mashine ilikuwa imehesabu namba yote ya Hassan kabla sijainua kidole.

Director aliinama nyuma yangu. "Ai! Huyo cucu ana nini? Ni virusi?"

"Si virusi. Mashine ina haraka."

"Basi toa cucu."

Nilidhani anatania. Nilikuwa bado simjui vizuri, ingawa tulikuwa tumekaa naye miaka.

Ili kurekebisha muda wa kusubiri, nilihitaji programu yenyewe kama Hassan alivyoiandika, si ile iliyofungwa tayari kuuzwa. Hassan alikuwa ameihifadhi kwenye disketi, ndani ya mkebe wa biskuti, ndani ya kabati, pamoja na zile za michoro na za rekodi ndefu za mama yake akisimulia mambo ya Makongeni, ambazo tulipanga kuzitumia siku moja. Nikaenda kabatini. Mkebe ulikuwepo. Ndani mlikuwa na klipu za karatasi.

Ofisi nyingi siku hizo zilikuwa na tabia moja. Disketi ilikuwa kitu cha thamani, hivyo iliyotumika ilifutwa, ikabandikwa karatasi mpya, ikauzwa tena. Tulikuwa tukifanya hivyo na disketi za wateja waliozitelekeza. Wakati wa kuhama, Director alikuwa amechukua zetu zote, akazifuta, akaziuza kwa wanafunzi wa chuo cha kupiga chapa. Sauti ya Bibi Saumu ikafunikwa na barua za kuomba kazi.

Nilimwendea na mkebe mkononi. Hakuinua hata macho. "Zilikuwa zinakaa tu," alisema.

Zilikuwa zinakaa tu! Mpaka leo nikiyasikia maneno hayo damu inachemka. Mtu anakata mwembe uliopandwa na baba yake: ulikuwa unakaa tu. Mtu anatupa picha za harusi ya wazazi wake: zilikuwa zinakaa tu. Kwani ulitaka zicheze? Kazi ya kitu kilichohifadhiwa ni kukaa.

Na kilichonichoma zaidi ni kwamba Bibi Saumu alikuwa ameshafariki. Alizikwa mwaka mmoja kabla, na Hassan alikuwa hajawahi kurudia kuzisikiliza zile rekodi ndefu, akisema atazisikiliza moyo ukipoa. Ni mimi niliyepelekwa kumwambia. Alikuwa anapangusa mpira wa kipanya kwa pamba na spiriti. Aliendelea kuupangusa hata ulipokuwa umeng'aa. Kisha akauliza, "Ile ya karibu je? Ile iko?"

Ile ilikuwepo. Sentensi moja ya mama yake, na jogoo, ilikuwa imo ndani ya nakala zilizokwisha kuuzwa. Kwa hiyo nilichukua nakala ya shule moja, nikatoa picha na sauti, nikaanza kuiandika programu upya tangu mwanzo, nikitazama mchezo wa zamani jinsi unavyokwenda na kuufuatisha. Hiyo ndiyo kazi mnayoifanya nyinyi leo kwa vifaa ambavyo vingenifanya nilie. Mimi nilikuwa na penseli na shingo ngumu.

Kila kitu nilikipata, isipokuwa muda wa mlango. Mashine yetu ya kwanza, ile ambayo hesabu ya Hassan iliendana nayo, Director alikuwa ameiuza, na huko ilikokwenda stima ilirudi kwa nguvu ikaiunguza. Ningeweza kubahatisha. Lakini nilijua Hassan atajua.

"Mzee," nikamuuliza, "mama anangoja kiasi gani?"

"Mpaka mtu avue viatu."

"Nimeelewa, lakini niandike nini? Viatu gani? Patipati au vya kamba?"

Alinikasirikia kidogo. Kisha akafikiri. "Vya kamba," akasema. "Vya mtu ametoka shifti ya usiku. Vidole vimekufa ganzi, kamba imeingia maji. Mama alikuwa anajua. Alikuwa anasimama tu hapo, hakuambii fanya haraka, hakuambii chochote."

Basi nikakalia stuli pale ofisini nikiwa nimevaa viatu vya Hassan vya kamba, vikubwa kama jahazi za watoto, na yeye akasimama mlangoni mahali pa mama yake. Nikafungua kamba kama mtu aliyechoka. Hassan aliniangalia, mikono ameikunja, na sura yake ikabadilika; kama alikuwa anaigiza, sikumwona akiigiza. Nilipovua cha pili na kuinua kichwa alisema, "Hapo. Hapo ndipo anaanza kuona kama una adabu au huna. Mwongezee pumzi moja, ndio ageuke." Tukarudia, tukarudia, mimi nikipima kwa saa ya mashine, si kwa hesabu yake. Director akapita na chai. "Njeri, kwani siku hizi tunauza viatu?"

Tulipoujaribu, Bibi alitokea, akasimama, akangoja, akageuka. Hassan akafunga macho, akafungua. "Ni yeye," alisema. Tangu siku hiyo, kila alipoufungua mchezo kuukagua, Bibi akitokea, yeye mwenyewe aliinama akavua viatu vyake chini ya meza. Nilimcheka. Akasema hawezi kumtazama mama yake machoni akiwa na viatu.

Nikakabidhi kazi. Director akaipeleka Nairobi ikatengenezwe CD, na siku ya kuzindua akatundika hema uani, Ruiru, akaalika walimu wakuu na watoto wa shule. Hassan alikuja amevaa kanzu na koti juu yake, na viatu vyeusi vya kamba alivyovipiga rangi mpaka vinaonyesha uso. Director akashika maikrofoni. "Mwenye gemu mwenyewe ndiye atafungua!"

Hassan akakaa. Akabonyeza mlango, na kama kawaida yake akainama kufungua kamba za viatu. Watoto wakacheka, walimpenda. Mimi nilikuwa natazama skrini.

Mlango ulifunguka. Hakutokea mtu. Yule kijana akaingia mwenyewe, na viatu vyake, akapita juu ya mkeka ambao Hassan aliuchora ukindu kwa ukindu, na sauti ya msichana mmoja wa matangazo ikasema, "Welcome! Ingia twende kazi!" Watu wakapiga makofi. Hassan alikuwa bado kwenye kamba ya pili.

Aliinua kichwa. Akatazama skrini, akatazama nyuma ya skrini, kweli, kama mtu anayetafuta mtoto aliyejificha. Akanigeukia.

"Njeri," akasema, "mama yuko wapi?"

Akafunga kamba zake tena, zote mbili, polepole, makofi yakiendelea juu ya kichwa chake, akasimama akaondoka.

Nilimfuata Director nyuma ya hema. Nilimwita Ndirangu kavu, bila Bwana. "Umemtoa."

"Njeri, tulia. Kulikuwa na malalamiko. Mtoto anafungiwa mlango, anaboeka, anaacha. Customer hawezi kufungiwa mlango. Nikaambia kijana mmoja huko Nairobi atengeneze hapo tu."

"Umeingiza watu kwa nyumba ya mtu bila hodi."

"Nyumba gani? Ni ya kuchora!"

Nilichomjibu sitakiandika, maana wengine wenu mmeokoka. Walimu wakuu wawili waliweka soda zao chini. Niliingia ofisini nikachukua kikombe changu na bisibisi zangu, nikatoka, na zulia lile sikulikanyaga tena. Nimefanya kazi sehemu nyingi tangu hapo na sijuti hata siku moja. Watu huniambia kwamba hasira ni hasara. Inategemea umeikasirikia nini.

Nakala ya kazi yangu, ile yenye Bibi, nilikuwa nayo nyumbani. Niliunganisha kompyuta kutoka kwa mabaki, nikaipeleka kwa Hassan, Makongeni. Nilivua viatu mlangoni, mkewe akanikaribisha, nikaiwasha. Nilidhani Hassan atacheza. Akabonyeza mlango, Bibi akatokea, akasimama.

Hassan hakugusa kitu. Hakuvua viatu vya yule kijana, hakupiga hodi. Aliketi tu, mikono juu ya magoti, akimtazama mama yake akimngojea. Muda ukaisha, Bibi akageuka, akaingia ndani, akafunga. Hassan akabonyeza tena mlango. Akatokea tena, akasimama.

Chai yangu ilipopoa ndipo nikaelewa. Nilidhani nimepima muda wa mchezaji. Kumbe nilikuwa nimempimia Hassan muda wote uliobaki duniani wa mama yake kusimama mlangoni na kumtazama. Hakuna mahali pengine kwenye mchezo ambapo Bibi Saumu anakuangalia machoni. Ni pale tu, kati ya mlango kufunguka na viatu kuvuliwa. Ndipo hapo Ndirangu alipoona panapoteza wakati. Ndipo hapo, Brayo, unapotaka kuweka skip.

Hassan naye ameshatangulia. Mkewe alinirudishia kompyuta, na tangu siku hizo nimeuhamisha mchezo ule kutoka mashine hadi mashine, mfumo hadi mfumo, kila mara nikirekebisha kilichovunjika na kuacha muda wa mlango kama ulivyo. CD za Ndirangu sasa hazifunguki kwenye kompyuta yoyote, na siwezi kusema nimesikitika. Programu nzima ninayo mimi peke yangu. Imekaa tu.

Juzi Brayo amenitumia ujumbe kuuliza kama wanaweza kuja kuichukua, na kama tukutane palepale Kamakis. Hapana. Mje nyumbani kwangu, Makongeni, mlango wa buluu karibu na pale palipokuwa na duka la mkate. Sitawapa kwa simu, na hamtaondoka nayo kabla hamjaucheza mbele yangu tangu mwanzo. Mtapiga hodi. Nitafungua, nitasimama hapo nikiwatazama, na sitawaambia mfanye haraka. Mvae viatu vya kamba. Nitawangojea mvue, na pumzi moja zaidi. Kisha nafunga.